Kwa Anayeanza Saksafoni ya Jazi Huru: Mafunzo Kutoka Maisha ya Ornette Coleman

Kijana anayetaka kuingia katika jazi huru kwa kawaida huja na swali moja: anaruhusiwa kuacha nini? Amesikia kwamba katika muziki huu hakuna mfuatano wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) unaomfunga mpigaji, kwamba mapigo yanaweza kutanuka na kusinyaa, kwamba sauti ya kukwaruza au ya kulia ina haki sawa na noti safi, na kwa hiyo ameshaanza kuhesabu mizigo atakayoitua. Nimepuliza saksafoni katika bendi za hoteli, katika bendi za harusi na katika vikundi vidogo vya muziki huru, na nimefundisha vijana wa kutosha kuweza kusema kwamba swali hilo humchelewesha mtu. Swali lenye faida zaidi ni hili: nitapiga na nani, na watu hao watakuwa tayari kukaa nami kwa muda gani kabla hatujapata hata senti moja? Nitalieleza kwa kupitia maisha ya Ornette Coleman, mpuliza saksafoni wa Kimarekani ambaye jina lake ndilo hutajwa kwanza jazi huru inapozungumzwa, kwa sababu ndani ya maisha yake jambo hili linaonekana waziwazi, likiwa pamoja na mambo ya ala, ya ada na ya subira ambayo kila anayeanza atakutana nayo.

Coleman alizaliwa Fort Worth, Texas, mwezi Machi 1930, katika familia ya watu weusi wenye kipato kidogo, wakati sheria za ubaguzi wa rangi zilikuwa zinatawala kila kitu kuanzia shule hadi chombo cha usafiri. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na mama yake akawa anaendesha nyumba kwa cherehani. Saksafoni ya alto aliipata akiwa na umri wa miaka 14 hivi, baada ya kufanya vibarua na kuweka akiba. Mwalimu hakuwa naye. Alijifundisha kwa kitabu na kwa kusikiliza, na katika kujifundisha huko akayashika majina ya noti isivyo, akidhani kwamba mpangilio wa herufi aliouona kitabuni ndio mpangilio wa ala yake, hadi alipokaa na wapigaji wengine na kukuta kwamba wao wako kwingine.

Hapa anayeanza asimame kidogo, kwa kuwa mkanganyiko huu uko hai mpaka leo. Saksafoni ya alto haisemi noti ileile inayosemwa na piano. Ukisoma C katika karatasi yako na kuipiga, kinachosikika ni E fleti ya piano, yaani E iliyoshushwa nusu hatua. Saksafoni ya tena (tenor), ile kubwa kuliko ya alto, nayo ukipiga C, hutoa B fleti. Vijana wengi wa makanisani hufundishwa kutafuta funguo kwa kubahatisha mpaka wimbo wa kwaya ukae, na wanaweza kwenda hivyo kwa miaka bila kujua kwa nini vidole vyao haviendani na kinanda. Jifunze jambo hili wiki ya kwanza, uliandike, uliimbe, ulipige katika funguo zote. Coleman alipoligundua hakuishia kusahihisha vidole tu. Alianza kujiuliza kama jina la noti ndiyo noti yenyewe, na baadaye akawa akishikilia kwamba F katika wimbo wa huzuni haipaswi kusikika kama F katika wimbo wa amani. Alifika katika wazo hilo kwa kuielewa kanuni kutoka ndani, na hiyo ndiyo tofauti kati yake na mtu anayeikwepa kwa sababu ni ngumu.

Kazi zake za mwanzo hazikuwa za jazi huru. Alipiga ridhimu na bluzi katika vilabu vya Fort Worth, kwa watu waliokuja kucheza, kunywa, na wakati mwingine kupigana, na baadaye akasafiri na maonyesho ya jukwaani yaliyozunguka majimbo ya Kusini. Alisoma shule ya sekondari ya I. M. Terrell, ambako walipita pia mpuliza saksafoni Dewey Redman, mpuliza klarineti John Carter na mpiga ngoma Charles Moffett, wote wakaja kuwa watu wakubwa katika muziki huu. Katika safari ya mwaka 1949, huko Baton Rouge, Louisiana, alitolewa nje ya ukumbi baada ya kupiga kwa namna iliyowaudhi watu, akapigwa, na saksafoni yake ya tena ikavunjwavunjwa. Sikitaji kisa hicho ili kukutisha. Nakitaja kwa sababu aliendelea kupiga bluzi baada ya hapo, na mlio wa bluzi haukuondoka katika saksafoni yake mpaka mwisho wa maisha. Hata rekodi zake zilizowachanganya wasikilizaji zaidi zina kile kilio cha mtu anayeimba peke yake barabarani usiku.

Kwa hiyo, ukiwa unapiga katika bendi ya dansi, bendi ya shaba ya jeshi au polisi, au kikundi cha kanisani, usiidharau kazi hiyo ukidhani inakuchelewesha kufika kwenye uhuru. Bendi ya dansi itakufundisha kushika mapigo kwa saa nne bila kuchoka, itakufundisha kuingia kwa pamoja na tarumbeta, na zaidi ya yote itakufundisha kunyamaza mwimbaji anapoimba. Nimekutana na vijana waliosikiliza rekodi za jazi huru kwenye simu zao na kuruka hatua hii, na tatizo lao huwa lilelile: wanajaza kila nafasi. Hawajawahi kuambiwa na kiongozi wa bendi kwamba wakae chini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Coleman aliingia Los Angeles na bendi ya mpiga gitaa Pee Wee Crayton, kisha akabaki huko bila kazi ya muziki inayoweza kumlisha. Aliajiriwa kuendesha lifti katika duka kubwa la ghorofa, na lifti ilipokuwa haina abiria alisoma vitabu vya nadharia ya muziki. Mwaka 1954 alimwoa Jayne Cortez, mshairi, na mwaka 1956 wakapata mtoto, Denardo. Usiku alikuwa akienda kwenye vilabu kuomba nafasi ya kupanda jukwaani, na wapigaji wenye majina walimshusha, au walishuka wao na kumwacha peke yake. Walisema hajui kuishika noti sawasawa, hajui kodi, hana ala ya maana.

Hilo la ala lilikuwa na ukweli kiasi. Kwa kushindwa bei ya saksafoni ya shaba, alinunua ya plastiki nyeupe aina ya Grafton, iliyotengenezwa Uingereza, ambayo wengi waliiona kama kitu cha kuchezea, ingawa gwiji wa saksafoni Charlie Parker mwenyewe alikuwa amepiga ya aina hiyo katika onyesho la Toronto mwaka 1953. Coleman hakuipenda mwanzoni, kisha akaizoea, kisha akaifanya sauti yake: kavu, ya karibu, isiyo na mwangwi mrefu wa shaba. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba ala ya kwanza inunuliwe kwa mfuko ulionao, lakini ichunguzwe kwa macho na kwa pumzi. Funga matundu yote, puliza taratibu noti ya chini kabisa; ikigoma au ikitetemeka, pedi, yaani vile vifuniko laini vya matundu, zinavuja, na fundi wa kuzibadilisha anaweza kukugharimu zaidi ya uliyookoa sokoni.

Kwa sisi tulio pwani kuna la ziada. Unyevu na chumvi ya hewa hula vijiskrubu na kuzifanya pedi kunata, hivyo ala inapaswa kufutwa ndani kila baada ya kupiga na kulazwa katika kasha lake, wala isining'inizwe ukutani kwa ajili ya wageni. Ridi, yaani kile kipande chembamba cha tete kinachofungwa kwenye mdomo wa ala, nacho hupinda kikiachwa hapo hapo kikiwa na mate. Kitoe, kifute, kilaze juu ya kioo au katika kikasha chake, na uwe na tatu au nne unazozizungusha. Ukiona ukingo wake wa mbele una mawimbi, loweka dakika chache kwenye maji safi kabla ya kupiga, kisha ubonyeze kwa kidole gumba juu ya kioo mpaka ukae sawa. Ridi laini mno humpa anayeanza mlio wa haraka wa kuvutia, na ndiyo maana huipenda. Lakini noti za juu zitamponyoka, na katika muziki ambao hauna kodi za kumbeba, sauti yake ndiyo kila kitu alicho nacho.

Sasa tuje kwa watu. Wakati milango ya vilabu imefungwa, Coleman alipata chumba na gereji, na humo akaingia Don Cherry na tarumbeta yake ndogo, Billy Higgins na Ed Blackwell wapiga ngoma, Bobby Bradford na tarumbeta, na baadaye Charlie Haden na besi. Haden alikuwa kijana mweupe kutoka Iowa, aliyekulia katika familia iliyokuwa ikiimba muziki wa mashambani redioni. Alisimulia katika maisha yake yote jinsi alivyomfuata Coleman nyumbani, akakuta karatasi za muziki zimetapakaa kila mahali chumbani, na wakapiga tangu mchana mpaka usiku. Maelekezo aliyopewa yalikuwa mafupi: mahadhi yalikuwa na kodi zake zimeandikwa, lakini Coleman akianza kubuni, Haden naye abuni msingi wake kwa kumsikiliza. Kwa mpiga besi wa wakati huo maagizo hayo yalikuwa makubwa. Kazi yake ilikuwa kuutunza mfuatano wa kodi ili mpuliza saksafoni asipotee, na sasa anaambiwa kwamba hakuna ramani, kuna mtu tu, amfuate huyo.

Ili uone jinsi mafunzo ya gereji yanavyosikika, chukua wimbo «Lonely Woman», uliorekodiwa mwezi Mei 1959 kwa ajili ya santuri The Shape of Jazz to Come. Higgins anaanza na tasa la shaba kwa mwendo wa haraka, mwepesi, kama mtu anayekimbia kwa vidole vya miguu. Haden anaweka chini yake nyuzi nzito, za polepole, ambazo hazionekani kulifuata tasa. Kisha saksafoni na tarumbeta zinaingia kwa pamoja na mahadhi marefu ya kilio, polepole, nje ya mapigo ya ngoma, zikishikana bila kuhesabu, zikivuta pumzi mahali pamoja. Hakuna anayetoa ishara ya mkono unayoweza kuisikia. Wanafika mwisho wa sentensi pamoja kwa sababu wameimba sentensi hiyo mara nyingi mno. Mwendo uko wa aina mbili kwa wakati mmoja, na wimbo hauvunjiki. Jaribu kuupiga na watu mliokutana leo. Mtapiga noti zote na hakuna kitakachotokea.

Zoezi ninalolitoa kutokana na hapo ni jepesi kulieleza na gumu kulifanya. Wapigaji wawili wanasimama migongo imegusana, kila mmoja akitazama ukuta wake, wanapiga mahadhi mafupi kwa pamoja bila kuhesabiwa na bila kuonana. Wataanza vibaya. Waendelee mpaka mmoja aanze kusikia pumzi ya mwenzake inavyoingia puani kabla ya noti. Siku pumzi hiyo itakaposikika, kodi na mapigo vinaweza kuondolewa bila hasara, kwa kuwa kuna kitu kingine kimeshakaa mahali pake.

Rekodi yake ya kwanza, ya mwaka 1958, aliifanya kwa kampuni ya Contemporary ya Los Angeles, na habari yake ina somo lake. Alikwenda kujaribu kuuza tungo, akaishia kurekodi mwenyewe. Katika kundi la siku hiyo aliwekewa piano. Mpigaji wa piano, Walter Norris, alikuwa mtu hodari, lakini piano kwa asili yake hutangaza kodi, na kila alipoitangaza, saksafoni ilionekana kana kwamba imekosea. Katika rekodi iliyofuata piano haipo, na ghafla mambo yaleyale yanasikika sahihi. Kabla hujamlaumu mwenzako kwamba haelewi muziki wako, au kabla hujajilaumu wewe, angalia kwanza ni ala zipi zimekaa pamoja na kila moja inalazimisha nini. Mara nyingi dawa ni kuondoa ala moja, wala si kuongeza mazoezi.

Mwaka uliofuata, 1959, kwa msaada wa mpiga piano John Lewis, Coleman na Cherry walihudhuria shule ya jazi ya majira ya kiangazi huko Lenox, Massachusetts. Coleman alikuwa na umri wa miaka 29 na rekodi tatu zimeshapigwa, na alikwenda kama mwanafunzi. Sidhani kama ninahitaji kuongeza neno juu ya hilo. Tarehe 17 Novemba kundi lake likafungua maonyesho katika klabu ya Five Spot, New York. Mkataba wa wiki mbili ukarefushwa kufikia takriban miezi miwili na nusu. Leonard Bernstein, mtunzi na kiongozi wa okestra, alikuja na akasifu, wengine wenye majina makubwa wakatoka wakitukana, na magazeti yakapata chakula cha msimu mzima. Cha kuzingatia kwa mtu wa kazi ni kwamba kundi lilipiga kila usiku mbele ya watu waliokuja ama kupenda ama kuchukia, na muziki wao haukubadilika kwa ajili ya upande wowote, kwa sababu kila mmoja alikuwa anawasikiliza watatu wengine.

Tarehe 21 Desemba 1960 akarekodi ile kazi iliyoupa muziki huu jina, Free Jazz, kipande kimoja cha dakika 37 hivi, kikiwa na makundi mawili ya watu wanne wanne wakipiga kwa wakati mmoja: upande mmoja Coleman, Cherry, Scott LaFaro na besi, na Higgins, upande mwingine Eric Dolphy na klarineti ya besi, Freddie Hubbard na tarumbeta, Haden na Blackwell. Anayeisikia kwa mara ya kwanza huona fujo. Isikilize kwa visikilizio vya masikioni, kwa maana makundi hayo yaligawanywa kushoto na kulia, na utatambua kwamba kuna mpangilio: kuna vipande vifupi vilivyoandikwa ambavyo wote huvipiga kufungua zamu, halafu mmoja anashika uongozi, na wengine wana ruhusa ya kumjibu, si wajibu. Wapiga besi wawili wamegawana kazi, mmoja akitembea, yaani noti moja kwa kila pigo, mwingine akipanda juu kwenye noti nyembamba. Kundi la vijana linalotaka kupiga kwa pamoja bila karatasi linaweza kuiga mambo mawili haya tu, yaani lango linalojulikana na wote na zamu ya kuongoza, na tayari litakuwa limeepuka nusu ya kelele.

Kuhusu fedha, nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoacha. Baada ya Five Spot Coleman alitambua kwamba wenye kumbi walikuwa wakijaza watu kwa jina lake na kumlipa kidogo kuliko walivyowalipa wengine waliovuta watu sawa naye. Akapandisha ada yake sana. Simu zikapungua. Mwezi Desemba 1962 akakodi mwenyewe ukumbi wa Town Hall, New York, akapiga na kundi la watu watatu na kuonyesha pia utungo wake wa ala nne za nyuzi, kisha akajitoa jukwaani mpaka mwanzoni mwa 1965. Muda huo aliutumia kujifunza tarumbeta na fidla. Kuna wanaomlaumu kwa kiburi. Mimi naona hesabu yake ya thamani ilikuwa sahihi na akiba yake haikuwa sahihi: anayetaka kukataa malipo duni lazima awe na njia nyingine ya kula, na ndiyo maana huwa nawaambia vijana wasiache kazi ya mchana kwa sababu ya onyesho moja lililojaa. Lifti ya Los Angeles ilimpa miaka ya kusoma. Hakuna aibu katika hilo.

Ujanja wa kazi nao ni sehemu ya kazi. Mwezi Agosti 1965 alitaka kupiga Croydon, karibu na London, lakini kanuni za wakati huo ziliwabana wapigaji wa jazi wa kigeni huku zikiwa nyepesi kwa watu wa muziki wa klasiki. Ili ahesabiwe mtunzi wa klasiki, akaandika utungo wa ala tano za kupuliza, ukapigwa na Waingereza katika onyesho hilohilo, naye akapiga na kundi lake. Soma masharti ya kibali, ya ruzuku na ya tamasha kabla ya kulalamika, kwa maana mara nyingi mlango uko pale ambapo watu wa fani yako hawajazoea kuangalia. Mwaka 1967 alipata ruzuku ya taasisi ya Guggenheim ya Marekani, na baadaye akawa na ukumbi wake katika mtaa wa Prince, New York, aliouita Artists House, ambapo kundi lake na makundi mengine yalipiga bila kumsubiri mwenye klabu. Wajerumani walifanya vivyo hivyo kwa njia yao: Peter Brötzmann, mpuliza saksafoni aliyesomea sanaa za kuchora na kufanya kazi ya usanifu wa michoro, alitoa mwenyewe santuri yake Machine Gun mwaka 1968 kwa nakala 300, majalada akiyabuni kwa mkono wake. Huhitaji kuwa mchoraji, ila uwe na ujuzi mmoja nje ya ala ambao unaweza kuulisha muziki wako.

Kuna pia njia ya ualimu, na msomaji wa Kiafrika atapenda kumjua John Tchicai. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1936, mama Mdenmark na baba Mkongomani. Alikwenda New York mwanzoni mwa miaka ya 1960, akapuliza saksafoni katika kundi la New York Art Quartet, na mwaka 1965 akawa miongoni mwa wapulizaji walioalikwa na mpuliza saksafoni mashuhuri John Coltrane kurekodi santuri ya Ascension. Alikuwa mahali ambapo kila kijana wa fani hii angetamani kuwa, na mwaka uliofuata akarudi Denmark, akaunda kundi kubwa, akafundisha kwa miaka mingi, na baadaye akaishi California na hatimaye Ufaransa, alikofariki mwaka 2012. Kwa mtazamo wa umaarufu, aliondoka mapema. Kwa mtazamo wa kazi, alipuliza kwa takriban miaka hamsini, akiwa na watu wapya kila mara aliowafundisha mwenyewe kusikiliza.

Coleman naye aliendelea kutengeneza watu. Mwaka 1966 alirekodi na mwanawe Denardo akiwa na umri wa miaka 10 kwenye ngoma, na wachambuzi wakamcheka. Mwaka 1972 utungo wake wa okestra, Skies of America, ulipigwa na London Symphony Orchestra bila kundi lake, kwa kuwa kanuni za chama cha wanamuziki hazikuruhusu. Mwaka 1973 alikwenda Jajouka, milimani Morocco, akapuliza pamoja na wapiga zumari wa kijiji hicho, ambao muziki wao ulikuwa na umri mkubwa kuliko jina lolote la jazi. Kisha akaanzisha Prime Time, kundi la magitaa ya umeme, wengi wao vijana aliowafinyanga kwa mazoezi marefu. Wazo lake kuu, kwamba mahadhi, kodi na mapigo viwe na uzito sawa, aliliita harmolodiki, akaahidi kitabu chake kwa miaka mingi, na kitabu hakikutoka. Waliolielewa walilielewa kwa kukaa naye chumbani. Rekodi iliyompatia tuzo ya Pulitzer mwaka 2007, Sound Grammar, ilipigwa katika onyesho la Ludwigshafen, Ujerumani, mwaka 2005, ikiwa na wapiga besi wawili na mpiga ngoma mmoja. Mpiga ngoma huyo alikuwa Denardo, yule mtoto waliyemcheka. Coleman alifariki New York tarehe 11 Juni 2015, akiwa na umri wa miaka 85.

Ukitaka kuanza leo, usianze na Free Jazz. Anza na The Shape of Jazz to Come ya 1959, usikilize mara ya kwanza saksafoni, na mara ya pili usiisikilize kabisa. Mfuate Haden peke yake, uimbe anachopiga, mpaka uweze kusema ni wapi alimfuata Coleman na ni wapi alimtangulia. Kisha fanya hivyo kwa ngoma. Ndipo uende kwenye maonyesho ya Golden Circle, Stockholm, ya Desemba 1965, ambako karibu muda wote kuna saksafoni, besi na ngoma tu, na nafasi kubwa ya kusikia kila mmoja. Upande wa mazoezi, noti ndefu kila asubuhi, za chini kwanza, kila moja mpaka pumzi iishe bila kuyumba, halafu noti hiyohiyo kwa kuilainisha, kuikwaruza na kuiinamisha kidogo chini ya mahali pake, ili ujue unaipinda kwa hiari yako. Na wakati huohuo tafuta mtu mmoja wa ngoma au wa besi, si lazima awe hodari, anayeweza kuja siku ileile kila wiki. Rekodini mazoezi kwa simu, msikilize pamoja kabla ya kuagana, na kila mmoja aseme alichosikia kwa mwenzake kabla ya kusema lolote kuhusu alichopiga yeye.